Kumi na Moja Kati ya Arobaini

Nimeandika tafiti hamsini na tatu za shahada ya kwanza, na mwenyewe niliishia kidato cha nne na divisheni foo. Nalisema hili mapema ili usije ukafika huko mbele ukaanza kunihurumia. Duka langu la stesheneri liko Kibaoni, hapa Ifakara, linatazamana na lango la kampasi. Nina kompyuta mbili, printa moja nzima na nyingine ninayoichomoa vipuri, mashine ya fotokopi, na ile ya kufunga vitabu kwa jalada gumu. Naitwa Mbaruku. Babu yangu alikuja bonde hili kutoka Kilwa na majora ya vitambaa, baba akauza vitambaa hivyo hivyo, mimi nikageukia karatasi. Shamba sijawahi kulima hata tuta moja.

Kampasi yenyewe ni tawi la kitu kinachoitwa Chuo Kikuu cha Bonde. Ilifunguliwa miaka sita iliyopita ndani ya maghala ya zamani ya mpunga, kwa ngoma na hotuba. Makao makuu yako mbali, na hakuna mkubwa anayefika huku ila siku ya mahafali. Bodi ya kampasi ilimaliza muda wake mwaka wa pili na hakuna aliyekumbuka kuteua nyingine. Ukienda kulalamika wilayani wanakwambia chuo si chao. Ukiandika juu zaidi unajibiwa, kama ukijibiwa, kwamba chuo kina mamlaka yake ya ndani. Mamlaka ya ndani alikuwa Dokta Ignas.

Dokta Ignas alisimamia tafiti zote za mwaka wa tatu, na papo hapo alikuwa katibu wa Kamati ya Maadili. Ni mtu wa sauti ya chini, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na hajawahi kunigombeza hata siku moja. Alikuja dukani mara ya kwanza akaagiza chai kwa jirani, akanywa taratibu, akaniambia wanafunzi wake wengi hawana nauli ya kwenda vijijini na wengine ni wavivu, kwa hiyo atawaelekeza kwangu wasaidiwe. Kila mwanafunzi alitakiwa kuhoji kaya arobaini. Basi nikawa nahoji kaya arobaini nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, feni inanipuliza. Mwanafunzi ananilipa mimi, mimi namtumia Dokta fungu lake kwenye simu, mwanafunzi anafaulu. Aliyejifanya kwenda mwenyewe alipigwa danadana, leo rejea hazijakaa sawa, kesho sura ya pili irudiwe, mpaka semista inakwisha. Vijana si wajinga, wakajifunza njia ya dukani.

Na nilikuwa fundi, acha nijisifu pale ninapostahili. Dodoso lililojazwa dukani lazima lionekane limetoka kijijini. Nilikuwa na kalamu za aina tatu. Mengine niliyajaza kwa mkono wa kushoto, mengine niliyadondoshea chai, mengine niliyakanyaga kwa kandambili zenye vumbi. Majina ya wahojiwa nilikuwa nayo tele, maana kamati za harusi kuanzia hapa mjini mpaka kijiji cha Mbingu huja kuchapa orodha za michango kwangu. Mtu alichangia harusi ya binamu yake, mimi nikamfanya mhojiwa mwenye watoto watano na elimu ya msingi. Nilikuwa nacheka peke yangu nikifanya kazi ile, na wateja wakiuliza kinachonichekesha nasema ni simu.

Mwaka jana Dokta Ignas akapata mradi. Wafadhili fulani walikuwa wamegawa neti za mbu katika vijiji vya barabara ya Mlimba, na sasa walitaka kujua kama watu wanazitumia. Dokta akawapa wanafunzi wake wote kumi na tisa mada hiyo hiyo, kisha ajumlishe matokeo yao kwenye ripoti yake. Alipita dukani kunipa maelekezo.

"Bwana Mbaruku, katika kila kaya arobaini, thelathini na tano au thelathini na sita walale ndani ya neti. Usiweke arobaini. Arobaini itatia shaka."

"Na hao wachache wasiolala, wana sababu gani?"

"Weka joto. Waseme wanahisi joto."

Nikaweka joto.

Mmoja wa wale kumi na tisa alikuwa Jihan, mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Sikudhani. Tangu baba yake afariki wanaishi kwangu, Lipangalala. Kuandika nilimfundisha mimi, pale pale dukani, nyuma ya karatasi zilizoharibika. Ada yake ya chuo nililipa mimi, na usiniulize ilitoka wapi kwa sababu umeshajua. Yeye hakujua. Alijua mjomba wake anawachapia watu kazi zao, basi. Katika ukoo wetu wote, kuanzia babu wa Kilwa mpaka leo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuvaa joho, na Sikudhani alikuwa ameshanunua kitambaa cha gauni atakalovaa siku hiyo. Alikiweka kabatini na kila wiki alikitoa akakikunjua, akakitazama, akakikunja tena.

Mwezi wa nne nilimwambia, "Jihan, hiyo kazi ya neti niachie mimi. Wewe tulia usomee mitihani."

"Asante mjomba, lakini nakwenda mwenyewe Mbingu."

"Na mvua hizi?"

"Si ndiyo wakati wenyewe wa mbu?"

Nikamcheka. Nikampa nauli ya bodaboda na nikamwambia mama yake atarudi baada ya siku mbili akiwa amechoka, halafu atakuja dukani kama wenzake. Alikaa siku kumi na mbili.

Alirudi Jumamosi mchana, miguu imevimba, viatu kavishika mkononi, uso umejaa alama za mbu. Sikudhani akamkalisha uani, akamwekea chakula, lakini Jihan alianza kusimulia kabla hajagusa sahani. Kijijini hakukuta mtu. Nyumba zilikuwa na makufuli, hata kuku wamehamishwa, wamebaki bibi wachache na watoto wanaosoma. Watu wote walikuwa wamehamia bondeni kwenye mashamba yao, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe pori. Huhama na mvua za kwanza na hurudi baada ya mavuno. Basi naye akawafuata huko, dungu kwa dungu, mahali pengine kwa miguu na pengine kwa mtumbwi. Mkulima mmoja anayeitwa Polikarpo ndiye aliyempokea na kumwonyesha njia.

"Na neti zao?" Sikudhani akauliza.

"Neti ziko kijijini, mama. Zimefungwa juu ya vitanda, ndani ya nyumba zenye makufuli. Waliambiwa afisa akija kukagua azikute zinaning'inia, kwa hiyo wanaziacha zinaning'inia, wao wanakwenda kulala na mbu. Nimehesabu mwenyewe. Kati ya kaya arobaini, kumi na moja tu ndizo zilizobeba neti kwenda shambani."

Nilikuwa nakula, nikaacha kutafuna. Jambo hilo nililijua. Kila mwenye duka Ifakara anajua kwamba miezi ile mkulima yuko bondeni, maana ndiyo miezi ambayo biashara inalala. Lakini nilipokaa kujaza madodoso mia saba na ishirini ya wale wengine kumi na nane, niliwakuta watu wote nyumbani, mlangoni, tarehe tisa Aprili, tarehe kumi Aprili, wametulia wananisubiri. Mtoto wa mkulima asingefanya kosa lile hata usingizini. Mimi mtoto wa dukani nilikuwa namwona mkulima siku anapokuja kununua tu, na kichwani mwangu hakuwa na mahali pengine pa kuishi. Nikanawa mikono, nikasema nimesahau kufunga dirisha la duka, nikaondoka.

Mwezi wa sita Dokta Ignas akamwita Jihan ofisini. Kwa ile sauti yake ya chini akamwambia kwamba wenzake kumi na nane, kila mmoja kwa njia yake, wamepata karibu asilimia tisini, na yeye peke yake amepata ishirini na saba na nusu. Akamwambia kitaalamu hiyo inaitwa data ya kupika. Akamkabidhi barua ya kufika mbele ya Kamati ya Maadili kwa kosa la kughushi utafiti. Adhabu ya kosa hilo ni kufukuzwa, au kudisko kama wenyewe wanavyosema.

Jihan alikuja na barua moja kwa moja mpaka dukani.

"Mjomba, naomba unisaidie kuelewa. Wenzangu hao watu waliwakutia wapi?"

"Labda waliwahi kabla hawajahama."

"Tarehe kumi Aprili? Ndiyo iliyoandikwa kwenye madodoso yao."

"Basi sijui, mama. Mimi nachapa tu."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mtoto niliyemlea, nikimwangalia machoni. Alipotoka nilivuka barabara nikamfuata Dokta Ignas. Niliongea naye kwa adabu zangu zote, nikamkumbusha tulikotoka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha na maji ya kunywa.

"Mimi sina ugomvi na binti," akasema. "Ana akili, tena anaandika vizuri. Abadili jedwali moja tu. Kumi na moja iwe thelathini na tano. Mimi nafuta barua na nampa B plasi. Na wewe hii ya kwake hunitumii chochote, ni yangu na yako."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, nilipita hata sokoni nikanunua nyama. Nilimkuta Jihan uani na mama yake, nikawaeleza kwamba mambo yamekwisha, ni jedwali moja tu, dakika tano za kazi.

Jihan akasema, "Mzee Polikarpo alinipisha mahali pake pa kulala, yeye akakaa kwenye moto. Mjukuu wake alikuwa na homa siku zote nilizokuwa kule, wanampa dawa na usiku mbu wanamla upya. Sasa huyo mtoto nimwandike yumo ndani ya neti?"

"Ni jedwali tu, Jihan. Hakuna anayemwandika mtoto."

"Na Dokta anawezaje kuniambia nimeghushi, halafu anaponisamehe sharti liwe ni kughushi?" Akanitazama. "Mjomba, wewe umeingiaje mpaka ukapewa bei?"

Nikasema. Nilisema yote, kuanzia ile chai ya kwanza mpaka madodoso mia saba na ishirini, kalamu tatu, kandambili, orodha za harusi. Sikudhani aliacha kukata nyama. Nilipomaliza nilitegemea Jihan atalia au atanitukana, nikawa nimejiandaa kwa yote mawili.

"Na ada yangu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Basi nenda ukawaambie hao wanakamati hivyo ulivyoniambia mimi," akasema. "Hakuna mtu mwingine anayeweza kunitoa."

Nikakubali. Na niseme kweli, usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi. Nilijiona shujaa. Nilidhani ukiwa na ukweli mkononi na uko tayari kujichafua ili uutoe, kazi imekwisha.

Kamati ilikaa mwezi wa saba katika chumba cha mikutano, ambacho zamani kilikuwa ofisi ya ghala. Walikuwa watano mezani, kila mmoja na soda yake. Mwenyekiti alikuwa Dokta Restuta, mwanamama mzito wa kauli ambaye mara kwa mara alikuwa akitazama simu yake. Dokta Ignas, yule yule mlalamikaji, alikaa kulia kwake na daftari la kumbukumbu, maana ndiye katibu. Nilipouliza kama hilo ni halali niliambiwa kanuni hazikatazi.

Wa kwanza kuitwa upande wa Jihan alikuwa Polikarpo. Alikuwa ametoka Mbingu alfajiri, amevaa koti lake la kanisani na joto lile. Alisimama mlangoni mpaka alipoambiwa aingie.

"Habari za kazi, wakubwa," akasema. "Naitwa Polikarpo, mkulima. Huyu binti alinihoji mimi na majirani zangu kule bondeni. Amekaa kwetu siku kumi na mbili. Nimekuja kusema hivyo."

Dokta Ignas akainua kalamu. "Mwenyekiti, nina hoja ya utaratibu. Kanuni zetu za utafiti zinasema mhojiwa asijulikane jina wala sura. Mtuhumiwa amemleta mhojiwa wake hadharani, mbele ya watu. Naomba liandikwe kama kosa la pili."

Wakatazamana. Dokta Restuta akasema liandikwe.

"Samahani mama," Polikarpo akasema, "mimi nimekuja kwa hiari yangu. Jina langu si siri, Mbingu nzima wananijua."

"Tunakuelewa mzee wangu. Lakini kwa maadili hatuwezi kukusikiliza. Tunakulinda wewe."

"Mnanilinda na nini?"

Akaombwa asubiri nje, na kule nje alikaa kwenye ngazi mpaka saa nane, kwa sababu alidhani wangemwita tena.

Kisha nikaitwa mimi. Nilikuwa nimejipanga. Niliwaambia jina langu na kazi yangu, nikawaambia kwamba kazi kumi na nane zilizofaulu mwaka ule zimetoka kwenye meza yangu, na aliyeniagiza namba za kuweka amekaa hapo anaandika kumbukumbu. Nikatoa dodoso tupu na kalamu zangu. Nikawaomba waangalie saa. Nikajaza kaya moja mbele yao, jina, umri, watoto, neti, joto, kwa mkono wa kushoto, nikalikunja, nikalikanyaga sakafuni, nikaliweka juu ya meza.

"Dakika nne," akasema mjumbe mmoja, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba ameshangaa. Nikaona nimeshinda.

Nikaendelea. Nikasema wachukue dodoso lolote la zile kazi kumi na nane na watazame tarehe, kisha wamuulize mkulima yeyote, hata yule aliyeko nje, kama mwezi wa nne kuna mtu nyumbani. Wajumbe wawili wakaanza kunong'onezana. Dokta Ignas hakuinua sauti wala kubadili uso. Aliomba ruhusa ya kuniuliza maswali machache.

"Bwana Mbaruku, una risiti yoyote ya hizo kazi kumi na nane?"

"Kazi kama hizo hazina risiti."

"Fedha unazosema ulinitumia, zilikuja kwenye namba yenye jina langu?"

"Ulinipa namba ukasema ni ya shemeji yako."

"Sina shemeji. Kazi hizo ziko kwenye kompyuta yako?"

"Zote."

"Bila shaka. Wewe ni mchapaji, wanafunzi walizichapa kwako." Akageuza ukurasa. "Huyu mwanafunzi Jihan ni nani kwako?"

"Mpwa wangu."

"Anaishi wapi?"

"Kwangu."

"Ada yake inalipwa na nani?"

Hapo ndipo nilipoona tunakokwenda, na sikuwa na njia ya kurudi. Nikamtazama Jihan. Alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti, na nadhani yeye alikuwa ameona kabla yangu.

"Mimi," nikasema.

"Mwenyekiti," Dokta Ignas akasema, "tumeshuhudia kwa macho yetu mtu anayeghushi dodoso kwa dakika nne. Anakiri kwamba ndiyo kazi yake. Wale wanafunzi kumi na nane hawana undugu naye. Mwanafunzi mmoja tu katika kampasi hii anaishi naye nyumba moja, anakula kwake, na analipiwa ada kwa fedha za kazi hiyo. Ni yule ambaye data zake hazifanani na za wenzake. Mimi sina la kuongeza."

Nilianza kusema kwamba huo ni upuuzi, kwamba mtu akitaka kughushi anaghushi afanane na wenzake, hajitengi peke yake. Nilisema na naamini nilisema vizuri. Dokta Restuta aliniambia muda wangu umekwisha. Aliitwa kijana mmoja wa wale kumi na nane, Amiri, ambaye nilimwandikia mpaka shukrani za mwanzo wa kitabu, ile sehemu anapomshukuru mama yake. Amiri akasema alikwenda Mbingu mwenyewe, kwa bodaboda, na watu walimpokea vizuri majumbani mwao. Hakuniangalia. Sikumlaumu sana, maana hata mimi ningekuwa na joho mbele yangu nisingejiangalia.

Barua ilitoka baada ya wiki mbili. Jihan alifukuzwa chuo kwa kughushi data kwa msaada wa ndugu, na kwa kufichua utambulisho wa mhojiwa. Mimi nilipewa onyo la kimaandishi na kutakiwa kutojihusisha tena na wanafunzi wa kampasi, onyo ambalo vijana waliliheshimu kwa wiki tatu. Kisha wakaanza kurudi, kwanza kwa fotokopi, halafu kwa yale mengine. Yale mengine nilikataa. Walihamia kwa mtu wa pili, karibu na stendi, ambaye nasikia anajaza haraka kuliko mimi.

Tuliandika rufaa makao makuu. Tuliandika tena. Mwezi wa kumi walitujibu kwamba suala hilo limerejeshwa kampasi, kwa katibu wa Kamati ya Maadili, kwa hatua zaidi. Siku ya mahafali vipaza sauti vilifika mpaka dukani, nikasikia majina kumi na nane yakisomwa moja baada ya jingine. Kile kitambaa Sikudhani alikitoa zawadi kwenye harusi ya jirani.

Jihan akapata kazi kwenye duka la vipodozi sokoni. Nyumbani alinisalimia shikamoo kila asubuhi, kwa heshima yote, wala hakuikosa hata siku moja, na baada ya hapo hakuniambia kitu kingine mpaka kesho yake. Kwa miezi saba nilipata shikamoo na nikajibu marahaba. Sikudhani aliniambia nimpe muda. Nilikuwa naumia mno, na sikuona mahali pa kulalamikia.

Mwezi wa pili mwaka huu Dokta Ignas akaingia dukani na flashi. Alinisalimia kama vile hatujawahi kukosana, akauliza hali ya nyumbani.

"Nina ripoti ya wafadhili, Bwana Mbaruku. Nakala kumi na mbili, jalada gumu la buluu, herufi za dhahabu. Wengine wa hapa wanaharibu kingo, wewe unajua kazi."

Nilipofungua faili nikaona kichwa chake, kinazungumzia kukosekana kwa neti kwenye madungu ya bonde la Kilombero. Nikashuka chini. Kaya arobaini, kumi na moja zina neti. Nyumba zenye makufuli, neti zinazoning'inia zikimsubiri afisa, vyote vilikuwemo, sentensi za Jihan mwenyewe, hata pale anapopenda kuanza aya na neno "Hata hivyo". Ukurasa wa thelathini kulikuwa na kisa cha mtoto mwenye homa kwa babu yake. Ukurasa wa mwisho kulikuwa na ombi la mradi mpya wa miaka mitatu. Jina la mwandishi lilikuwa moja.

Alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri, anasoma gazeti. Kulikuwa na wateja wengine wawili. Nikajiambia nitamtupia ile flashi usoni, nitasimama katikati ya barabara niseme. Nikachapa nakala ya kwanza, nikapanga karatasi, nikapaka gundi, nikabana. Nikachapa ya pili. Nilifunga zote kumi na mbili na sikuharibu ukingo hata mmoja. Akalipa, akaondoka. Kwa siri nilikuwa nimechapa ya kumi na tatu, nikaificha chini ya meza.

Jioni nikampelekea Jihan. Alikuwa uani anachagua mchele, nikaweka kitabu mbele yake juu ya jamvi. Akakifungua, akasoma ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, mpaka ule wa mtoto mwenye homa. Hapo alikaa muda. Mimi nilikuwa nimesimama kama mtu aliyeleta posa.

"Umemfungia wewe?" akauliza. Ukiacha shikamoo, lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya miezi saba.

"Mimi."

"Ngapi?"

"Kumi na mbili. Hii ya kumi na tatu nimeichapa kwa siri, nikuletee wewe. Ni ushahidi, Jihan."

"Wa kumpelekea nani?"

Nikatafuta jina la ofisi moja, mtu mmoja, na nilitafuta kweli. Yeye akasubiri nitafute. Kisha akakifunga kitabu, akapangusa vumbi la mchele kwenye jalada kwa upande wa khanga, akaninyooshea.

"Basi hii umeiba, mjomba," akasema. "Karudishe."

Kesho yake asubuhi nikavuka barabara nikampelekea Dokta Ignas ofisini. Nilimwambia kilizidi kimoja. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa uaminifu wangu.